Foksitroti ya Kulimia Mtama

Baba hakujua kuandika, kwa hiyo barua yake iliandikwa na karani wa duka la pamba, nayo ilisema hivi: njoo na tarumbeta yako, vijana wapo, ng'ombe yupo, pombe itapikwa. Miaka hiyo nilikuwa napiga jazi katika bendi moja ya dansi Dar es Salaam, na kichwa kilikuwa kimeshaanza kuvimba. Mcheza kwao hutunzwa, nikajisemea, nikaenda kununua viatu vyeupe.

Kusema kweli sikufuata ng'ombe wala pombe. Kijijini hapakuwa na mvivu wa jembe kunishinda, na siku niliyoondoka baba alisema kupuliza chuma si kazi ya mwanamume. Iliniuma sana. Nilitaka anisikie, kisha akiri kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ni kazi.

Nikashuka garimoshi Shinyanga, nikatembea nusu siku hadi kwetu. Kesho yake asubuhi nikavaa suti, nikafunga tai, nikatoka nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umevaa hivyo? Utachafuka."

"Dansi ni wapi?"

Akanyoosha kidole shambani. Vijana kama thelathini walikuwa wamejipanga safu, kila mmoja na jembe begani.

Huko pwani nilipowasimulia hawakuamini, lakini kwetu Usukumani watu hulima kwa ngoma. Mpiga ngoma hutangulia mbele ya safu, na majembe hurushwa juu, yakadakwa, yakashuka kwa mpigo mmoja. Mwaka ule mpiga ngoma wetu alikuwa ameteguka mkono, na baba, mtu wa akili nyingi, akakumbuka kwamba anaye mtoto mwenye chombo cha kelele.

Nilikasirika, nikataka kurudi stesheni papo hapo. Lakini safu nzima ilikuwa inanitazama mimi, na baba alikuwa anatazama viatu vyangu. Nikapiga.

Nilianza na kibao cha taratibu, cha wapenzi kucheza wameshikana. Majembe yakapanda polepole, yakashuka polepole, na kijana mmoja akasinzia wima.

"Ng'wanawane!" baba akapaza sauti. Mwanangu, ananiita. "Mvua inakuja!"

Nikaingiza foksitroti, na hapo ndipo nilipojitakia balaa. Walilima kama wameingiwa na siafu, nami nikirudi kinyumenyume mbele yao nisije nikakatwa miguu. Nikatumbukia katika shimo la muhanga, nikaendelea kupiga nikiwa humo, maana nikinyamaza tu wanaacha kazi. Kiatu kimoja kilibaki chini, na hadi leo sijui kama muhanga anakivaa. Wakamaliza shamba la baba, wakalima njia ya kisimani, wakaingia shamba la jirani ambaye hatukuwa tukisemezana naye tangu nikiwa mdogo. Jirani alikaa kimya kabisa mpaka walipofika mpaka wa pili, ndipo akasema hiyo ni dharau.

Jioni, kama ilivyo desturi, mwenye shamba hupita akimshukuru kila aliyelima. Wabeja, baba akamwambia wa kwanza. Wabeja, akamwambia wa pili. Mimi nilikaa pembeni na midomo iliyovimba, nikijua hayo hayanihusu. Vijana wakaenda kukaa kwenye pombe. Baba akaja akasimama mbele yangu.

"Hawa hunilimia kila mwaka," akasema, "na kila mwaka hatumalizi kwa siku moja. Leo nani amelima?"

Nikautazama mguu wangu usio na kiatu.

"Wabeja, ng'wanawane. Umefanya kazi."

Nikalia mbele ya watu wote, kwa sauti, na kwa midomo ile sijui ilikuwa sauti gani. Vijana wakaweka vibuyu chini, wakainuka kutafuta majembe.