Lenzi Niliyomchagulia Shamimu

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi. Ulisema marehemu mume wangu aliwafungulisha watu siku ya kufunga.

Ukiambiwa hivyo kwetu Ng'ambo, hapa Tabora, usidhani ni jambo dogo. Heri uitwe mwizi.

Naitwa Mwanahawa. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali mnivumilie. Naandika kwa sababu kuna mama mwenzangu huko aliko anaweza kufanya nilichofanya mimi.

Mume wangu Rashidi alikuwa seremala. Miaka sita iliyopita, jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, alikwenda msikitini akasema ameuona mwezi. Watu wakamwamini, maana hakuwa mtu wa maneno mengi. Kesho yake mtaa wetu tukaswali Idi, tukapika pilau.

Mchana habari zikaanza kuingia. Isikizya hawakuuona. Urambo hawakuuona. Ndugu zetu wa Nzega wakapiga simu wanacheka.

"Nyie wa Ng'ambo mna mwezi wenu?"

Jioni yake mwezi ukatoka mwembamba kama uzi. Hata mtoto angejua kwamba ule ni mwezi wa leo, si wa jana.

Basi Rashidi akapewa jina. Mzee Mwezi.

Kazi zikapungua. Mtu ana mlango wake wa kutengeneza, anampita Rashidi anaupeleka kwingine. Na mimi nikienda bombani, jirani yangu Asmahani ananisubiri na ndoo yake.

"Mwanahawa, mchele wa Idi tununue lini mwaka huu? Hebu kamwulize Mzee Mwezi atupe tarehe."

Wenzake wanacheka. Mimi nabeba maji yangu naondoka.

Rashidi hakumjibu mtu hata siku moja. Mwaka wa tatu presha ikamchukua. Siku ya msiba nikamsikia mtu nyuma ya turubai akisema taratibu, "Kafa na siku yetu moja."

Neno lile nimelala nalo na kuamka nalo mpaka leo.

Sasa nije kwa Shamimu.

Shamimu ni binti yetu, ana miaka ishirini na mbili. Anadarizi kofia. Zile za vitundu vidogo vidogo, kofia moja inamchukua wiki tatu. Anavaa miwani, lakini kwa karibu macho yake ni makali, sindano yake haikosi tundu. Tangu baba yake afe, kofia hizo ndizo zinazotuweka mjini.

Mwaka huu shemeji yangu aliyeko Maskati akatutumia darubini. Si ile ya macho mawili. Ni ya jicho moja, nene kama chupa ya chai, inakaa juu ya miguu mitatu. Wenyewe wanaitumia kutazama ndege na wanyama walio mbali. Ilifika nzima, ila ile lenzi ya nyuma, unapoweka jicho, ilikuwa imepasuka njiani.

Mzee Sabiri, ambaye ndiye huongoza watu kwenda kuangalia mwezi, akapata habari.

"Itengenezeni, mje nayo kilimani," akasema. "Macho yetu sisi yamebaki ya kutafutia viatu."

Nilivyosikia hivyo moyo ukaruka. Nikaona hii ndiyo siku. Binti wa Mzee Mwezi auone mwezi kabla ya watu wote, kwa kioo, na kila mtu aweke jicho lake ahakikishe. Nani tena angefungua mdomo?

Shamimu alikaa na simu wiki nzima anasoma mambo ya lenzi. Mimi namwona tu anaandika. Ramadhani ishirini na saba akanipa karatasi, kwa sababu yeye alikuwa amebanwa na kofia za Idi.

"Mama, kwa Kornel zipo mbili zinazoingia kwenye darubini yetu. Chukua ile pana, yenye namba moja tu, 25. Ile ya kuvuta usichukue."

"Ya kuvuta si ndiyo nzuri?"

"Si kwa mwezi mchanga, mama. Na mimi nina miwani."

Nikaiweka karatasi kwenye kanga.

Kornel anauza kamera za mitumba njia ya kwenda stesheni. Kijana mstaarabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka lenzi ya darubini."

Akaziweka zote mbili juu ya meza. Moja imeandikwa 25. Ya pili imeandikwa 20 mpaka 60, ina pete ya kuzungusha. Akaifunga kwenye darubini yake ya dukani, nikatazama ng'ambo ya barabara. Nikazungusha. Bango la duka la mbolea likanijia mpaka nikaona msumari wake ulioshika kutu.

Nikasema hii hii.

"Mama, Shamimu alinipigia simu. Alisema ile pana."

"Hii inavuta zaidi au haivuti?"

"Inavuta. Lakini ukivuta sana unaona kidogo. Ni kama kutazama uwanja kwa tundu la kitasa. Na hii hata ukiiacha kwenye namba ndogo, duara lake ni dogo kuliko la ile pana. Mtu wa miwani ndiyo kabisa, ataona nusu. Jua likizama giza nalo linaingia humo ndani."

"Mbona mimi nimeona vizuri?"

"Sasa ni saa saba mchana, mama. Na bango halijifichi. Njoo naye jioni ajaribu mwenyewe."

Kijana wa watu alisema yote hayo kwa upole kabisa. Mimi nikamwona anataka kunibania kitu kizuri. Kichwani mwangu lilikuwa limekaa moja tu: sitini ni kubwa kuliko ishirini na tano.

Nikaondoka na ya kuvuta.

Nyumbani Shamimu akaifungua, akaitazama, akanitazama.

"Mama, si hii."

"Ile uliyotaka imeisha."

Nilimdanganya mwanangu, nimefunga, Ramadhani ishirini na saba. Naliandika hilo hapa ili mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Siku ya ishirini na tisa tukapanda kilima upande wa Kwihara. Tulikuwa watu kama thelathini. Mzee Sabiri na fimbo yake, vijana, akina mama wachache. Asmahani naye alikuja. Hakukosa.

Shamimu akasimamisha darubini akaielekeza magharibi. Akaweka jicho na miwani yake, akaona nusu ya duara, nusu nyeusi. Akavua miwani. Akasogeza kidogo kulia, akaona mti. Akasogeza kushoto, akapotea hajui yuko wapi. Upepo ukipiga kidogo tu, kila kitu ndani kinatetemeka.

"Bado, Shamimu?" Asmahani akauliza. "Au mpaka tukaite na mafundi wa Maskati?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha njaa. Mimi hakikuniingia vizuri.

Nikamsogelea mwanangu sikioni.

"Mwezi mchanga si hukaa karibu na jua? Basi lishike jua kwanza, halafu upande juu kidogo kidogo. Hutapotea."

"Mama, lazima lizame kwanza. Huko nilikosoma wamesisitiza."

"Limeshapoa lile. Tazama."

Na kweli ukilitazama kwa macho lilikuwa limepoa. Wingu jembamba lilipita mbele yake, likawa jekundu kama sahani ya shaba. Mtu yeyote angeweza kulitazama.

"Mama..."

"Giza likiingia tutaondoka mikono mitupu. Unataka waseme nini tena juu ya baba yako?"

Nilijua nikimtaja baba yake atafanya. Ndiyo maana nikamtaja.

Akasogeza darubini. Nikanyoosha mkono mimi mwenyewe nikazungusha ile pete mpaka mwisho, sitini. Akaweka jicho la kulia. Wingu likaondoka, jua likabaki wazi.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja tu, akaweka kiganja juu ya jicho.

"Imekuuma?"

"Haijauma. Naona rangi tu."

Haijauma. Nikashukuru, nikadhani yamekwisha.

Jua likazama. Shamimu akatafuta kwa jicho la kushoto mpaka nyota zikaanza kutoka. Mzee Sabiri akamfuata.

"Umeuona, binti?"

Watu wote wanamtazama. Nami nilikuwa naomba ndani ya moyo wangu aseme ndiyo. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba hivyo.

"Sijauona, babu."

"Una hakika?"

"Nimetafuta vizuri. Sijauona."

Mzee Sabiri akatikisa kichwa polepole. "Basi na huo ni ushahidi," akasema. "Twendeni tukafuturu."

Baadaye taarifa zikaja kwamba haukuonekana popote, tukakamilisha thelathini. Watu wakamsifu Shamimu. Hata Asmahani alileta kaimati. Mimi nikatembea kichwa juu.

Shamimu akaniambia, "Mama, katikati ya jicho pana doa jeusi. Nikikutazama uso siuoni, naona kanga tu."

"Litapita. Ngoja Idi iishe."

Idi pili nikamkuta mkekani na kofia. Sindano inakosa tundu. Anajaribu tena, inakosa. Kidole kina damu na hasemi kitu.

Tukaenda hospitali. Daktari wa macho akamwekea dawa, akamulika jicho.

"Nani alimwambia atazame jua kwa darubini?"

Shamimu akasema, "Ni mimi mwenyewe, daktari."

Daktari akaeleza kwamba nyuma ya jicho pameungua. Hakuna dawa ya kurudisha. Pengine patapona kidogo kwa miezi, pengine pasipone. Nikamwuliza, kosa ni ile lenzi ya kuvuta? Akasema lenzi yoyote ingemchoma.

Nilipotoka nilijua jibu zima. Yoyote ingemchoma, sawa. Lakini ile pana aliyoitaka yeye isingemfanya alitafute jua. Angengoja lizame, angepitisha macho angani kwa raha yake.

Tuliporudi Shamimu akaniuliza jambo moja tu.

"Mama, kwa nini ulikuwa na haraka vile? Baba alikosea kuona. Watu wanakosea. Kwani ni lazima tulipe?"

Hapo nikashindwa kuendelea kulibeba.

Nikamwambia, "Baba yako hakukosea kuona. Baba yako hakuona kabisa. Niliyeona ni mimi."

Jioni ile ya miaka sita iliyopita nilikuwa uani naanua nguo. Juu ya paa la jirani nikaona kitu cheupe, chembamba, kimepinda. Nikamwita Rashidi. Alikuwa anatawadha. Alipotoka hapakuwa na kitu.

Akaniuliza, "Una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika." Na nilikiona mara moja tu, kati ya shuka mbili.

Akaenda msikitini akasema ameuona yeye, kwa kuniamini, na kwa kutotaka nikaitwe mbele za watu nihojiwe. Ilipoharibika, nilingoja anitaje. Hakunitaja. Akaitwa Mzee Mwezi miaka mitatu, nami nampikia, nampakulia, nanyamaza. Nikanyamaza hata mbele ya lile turubai.

Niliona nini? Sijui mpaka leo. Labda moshi wa ndege.

Shamimu akavua miwani yake. Halafu akasema, "Kwa hiyo ulinituma mimi nikamsafishe baba, na wewe maneno ulikuwa nayo mdomoni."



Ijumaa nikaenda kwa Mzee Sabiri nikamweleza. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikasema Shamimu. Akasema, "Basi hawatoshi. Waambie waliomcheka." Nikatoka pale nikaenda bombani. Nikayasema yote, ndoo chini, mbele ya Asmahani na wenzake. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

Leo nayasema hapa. Wenye kunitukana nitukaneni, lakini someni haya:

Usielekeze darubini kwenye jua, hata limekuwa jekundu, hata lina wingu. Halitauma. Ndiyo ubaya wake.

Usitafute mwezi mchanga kabla jua halijazama lote.

Usichague lenzi kwa namba kubwa. Inayovuta sana inaonyesha kidogo, tena ina giza na inatetemeka.

Usiijaribu mchana kwa kutazama bango, kama utaitumia jioni.

Usimnunulie mtu wa miwani bila yeye mwenyewe kuweka jicho lake pale.

Usibadilishe alichoandika mwanao aliyesoma jambo hilo kuliko wewe.

Usiseme una hakika kwa kitu ulichokiona mara moja.

Usimtume mtoto akalipe la kwako.

Na akikuambia anaona doa, usingoje Idi iishe. Mimi nilingoja.