Chupa ya Mafuta ya Nazi Juu ya Boneti

Asubuhi ya leo nimekuta mafuta ya nazi yameganda chupani. Kiangazi chote yalikuwa maji, ukiinamisha chupa kidogo tu yanakumwagikia kiganjani, na leo ni meupe pe, magumu, yamekaa kimya nyuma ya kioo. Maskati nayo ina baridi yake, msinicheke. Si baridi ya kuvalia koti zito, lakini yatosha kugandisha mafuta ya nywele. Nimefungua kizibo nikanusa, na kama kawaida yangu harufu ya nazi haikuja peke yake. Ilikuja na dizeli. Wanangu wanasema pua yangu ni mbovu. Wao hawakuwepo.

Baba yangu alikuwa na lori. Tulikaa Wadi Kabir, nyuma ya magereji, nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake mmoja ulitikisika kila gari kubwa lilipowashwa. Dizeli ilikuwa imeingia mpaka kwenye kanzu yake ya Idi, na Mama alifua, akafukiza udi, akafua tena, mwisho akasalimu amri. Baba alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, na tangu hapo maisha yake yote yalikuwa jua, lami na usukani. Kwa hiyo magonjwa ya lori aliyoyajua yalikuwa magonjwa ya joto. Likinuna njiani kwenda Qurayyat, mchana wa jua la kupasua kichwa, alifungua boneti, akachovya gunia kwenye maji, akalifunika juu ya pampu ya mafuta na filta yake, akasubiri. Kisha liliwaka. "Gari ni kama mtu," alikuwa akisema, "likishikwa na homa, lipoze." Nililisikia neno hilo mara nyingi hata nikaanza kumwekea mwanasesere wangu kitambaa kibichi kipajini.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Skuli zilifungwa, na Baba akapata kazi ya kupeleka vigae Jabal Akhdar, mlimani, ambako ilikuwa inajengwa hoteli. Akasema atatuchukua mimi na Mama tukaone barafu ambayo haikununuliwa dukani. Nilikaribia kupaa kwa furaha. Nikaandaa chupa yangu ya maji ya skuli, ile isiyopitisha joto, nije nayo imejaa barafu niwatambie binamu zangu.

Mama hakutaka kwenda. Asubuhi ya safari alikuwa ananisuka, na mafuta ya nazi yalikuwa yameganda hivi hivi kama ya leo, ikabidi ayachokonoe kwa mpini wa kijiko.

"Baba Zuwena," akasema, "ikiwa hapa pwani yamekuwa hivi, huko juu kukoje?"

"Nawe unaipima dunia kwa chupa ya nywele?" Baba akacheka. "Yallah, tutachelewa bure."

Mama akaifunga chupa, akaitia kwenye mkoba wake. Sijui kwa nini aliichukua. Labda kwa ajili ya nywele zangu tu.

Tulijaza tanki Wadi Kabir, dizeli ya pwani, na kufika alasiri tulikuwa tunaupanda mlima. Sijawahi kuipenda njia ile. Inapanda, inapinda, inapanda tena, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa. Kila baada ya mwendo fulani, pembeni mwa barabara kulikuwa na njia fupi iliyochepuka, imejazwa kokoto, inapanda kilima kidogo kisha inakatika, haiendi popote. Nikauliza ni za nini.

"Hizo za wenye papara," Baba akajibu. "Mtu akishindwa kusimama, huchepukia humo."

Njia moja ilikuwa imechimbwa na magurudumu, mitaro miwili mirefu ndani ya kokoto, na mwisho wa mitaro palikuwa na ndara moja ya mwanamme. Moja tu. Nilipinda shingo kuitafuta ya pili mpaka tukaipita kona. Mama alikuwa anasoma kitu kwa midomo, bila sauti, na mkono wake ulikuwa gotini kwangu, mzito.

Tulilala kwenye kibanda cha wajenzi. Asubuhi nikaiona barafu: kioo cha mbele cha lori kilikuwa kimeota ukungu mgumu, na ndoo ya maji ilikuwa na kifuniko cha gilasi kilichovunjika kwa kidole. Nikajaza chupa yangu. Nikwambieni ukweli, baada ya dakika chache nilikuwa nimeshachoka na barafu na nataka kwenda nyumbani. Baridi ile haikuwa na huruma. Hata ndege hawakulia.

Vigae vilikuwa vimeshashushwa jioni ya jana yake, na mahali pake wajenzi walipakia mabomba ya chuma ya jukwaa la ujenzi, mzigo mzima, turudi nayo Maskati. Lori likawaka, ila kwa kukohoa, na moshi uliotoka ulikuwa mweupe. Baba akalipigapiga kichwani, yaani usukani, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeamka vibaya. Tukaondoka. Mabomba nyuma yaligongana taratibu, kling, kling, kila tulipopita tuta.

Hatukufika mbali. Pale barabara inapomaliza uwanda na kuanza kuteremka, pale hasa, lori likaishiwa nguvu. Baba alikanyaga mafuta na injini haikumjibu. Ikahema, ikatetemeka, ikazima. Akavuta breki ya mkono. Mbele yetu barabara ilikuwa inainama na kupotea nyuma ya mwamba, na chini kabisa niliona bonde, jeusi bado, jua halijalifikia.

Baba akateremka na kufungua boneti. Akapampu mafuta kwa mkono, akawasha, likalia, likafa. Akapampu tena. Halafu akafanya alichokifanya miaka yote: akachukua gunia, akalimwagia maji yetu ya kunywa, akalifunga kwenye filta.

Mimi nilicheka kwanza. Gunia lilianza kukakamaa mbele ya macho yetu, likawa kama ubao, unaweza kuligonga likalia ko, ko. Nikaligonga. Mama hakucheka. Alisogea akaangalia kile kikombe cha kioo kilicho chini ya filta, kinachoonesha mafuta yanavyopita, akatia kidole kukipangusa. Ndani hamkuwa na dizeli ninayoijua mimi, ya manjano, unayoweza kuona upande wa pili. Kulikuwa na kitu cheupecheupe, kizito, hakiendi.

Akafungua mkoba, akatoa chupa ya nazi, akaishika pembeni ya kikombe.

"Hebu tazama," akasema. "Si homa hii. Imeganda. We unaipoza iliyokwisha poa."

"Dizeli si mafuta ya nywele, Mama Zuwena."

"Mafuta ni mafuta. Ngoja jua lipande."

Nakumbuka uso wa Baba. Hakuwa mtu mbaya baba yangu, alikuwa mtu wa kucheka na kutania, lakini kulikuwa na mlango ndani yake ambao ukishafungwa, basi. Bibi, mama yake, alikuwa akimwambia mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Baba akaangalia jua, likiwa bado nyuma ya mlima. Akaangalia barabara.

"Joto liko chini," akasema. "Hatuna haja ya injini kuteremka. Ntatoa gia, liserereke lenyewe, likifika kwenye joto litawaka. Nshafanya Qurayyat mara ngapi."

"Qurayyat ni tambarare," Mama akasema.

"Pandeni."

Mama alinishika mkono na hakupanda. Wala hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwa kuwa mama yangu alikuwa mtu wa kelele, alikuwa anaweza kugombana na muuza samaki mpaka adhuhuri. Sasa alisema kwa sauti ya chini kabisa. Akaishusha boneti, akaiweka ile chupa juu yake, katikati.

"Mafuta haya yakiyeyuka, sie tutapanda. Kabla ya hapo, mie na mwanangu hatwendi. Ukitaka kwenda, nenda peke yako."

"Wallahi nakwenda."

"Nenda."

Baba akapanda, akafunga mlango kwa kishindo. Chupa ikatikisika, haikuanguka. Mama alinivuta mpaka pembeni ya barabara, penye mawe, akanigeuza nimtazame yeye, akafungua buibui lake akaniingiza ndani, uso wangu ukabanwa tumboni kwake. Giza. Harufu ya nazi kwenye nguo yake, na harufu ya dizeli kwenye kidole alichopangusia kikombe, maana mkono wake ulikuwa umenishika kisogo. Moyo wake ulikuwa unanipiga sikioni. Upepo ulikuwa unanikata mgongo, nikataka kumwambia, mgongo, Mama, nifunike mgongo, lakini mdomo wangu ulikuwa umezibwa na nguo.

Nikasikia breki ya mkono ikiachiwa. Inatoa sauti kama mtu aliyekuwa ameizuia pumzi akaiachia. Kisha mabomba. Kwanza kling moja, halafu mengi kwa pamoja, yakiserereka kuelekea mbele, na magurudumu yakisaga changarawe polepole. Mama alikuwa anasoma. Safari hii nilimsikia, innaa lillaahi, akakatisha hapo, akaanza upya na dua nyingine. Niliogopa na sikujua ninaogopa nini. Nilidhani wazazi wangu wanaachana.

Halafu pumzi ile ya breki tena, kubwa zaidi. Mabomba yakajigonga kwa mshindo mmoja uliojibiwa na milima. Kukawa kimya.

Mama alikawia sana kunifungua. Alipofungua, lori lilikuwa limesimama mbele kidogo tu ya pale lilipokuwa, pua yake imeinamia mteremko, na chupa ilikuwa imeserereka kwenye boneti ikazuiwa na ukingo. Baba alikuwa bado ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, hatazami popote. Kisha akateremka, akaokota jiwe akaliweka mbele ya gurudumu, akaokota jingine, na jingine, akaendelea kuweka mawe hata baada ya mawe kutosha.

Mama aliwasha jiko letu dogo la gesi mbali na lori, akaitia barafu yangu yote birikani, ile ya kuwatambia binamu, nikalia kidogo. Baba aliishusha chupa akaiweka juu ya bampa, akainua boneti, akalibandua lile gunia, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakizungushia filta. Kikipoa anachovya tena. Jua likapanda, likagusa pua ya lori. Tulikaa watatu tukiitazama chupa ya mafuta ya nywele kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Mafuta yakaanza kuyeyuka pembeni, ukanda mwembamba kama maji. Kisha donge jeupe likaachana na kioo likawa linaelea. Baba aliitazama mpaka donge la mwisho likapotea, kisha akaangalia kikombe cha filta, kimeshakuwa cha manjano. Akapampu, akawasha. Likawaka.

Tuliteremka kwa gia nzito, injini ikinguruma njia nzima, polepole hata mbuzi wangetupita. Tulipofika kwenye ile njia ya kokoto yenye ndara, Baba aligeuza uso upande wa pili.

Tangu hapo, kila msimu wa baridi alibadilisha filta kabla ya kupanda mlima, akabeba na nyingine ya akiba, na dizeli yake akaichanganya na mafuta ya taa kidogo kama wafanyavyo watu wa huko. Na mbele ya usukani, kwa miaka yote iliyobaki ya kazi yake, kulikaa chupa ya mafuta ya nazi. Mafundi wa Wadi Kabir walimtania, mzee, unampakia nani? Alicheka nao. Samahani hakuwahi kuitamka, mimi sikuisikia. Chupa iliyoganda leo dirishani kwangu ndiyo hiyo, niliitoa ndani ya lori siku tulipoliuza, baada ya mazishi yake.

Mambo mengine niliyajua ukubwani. Tulipanda mlima huo na mume wangu na watoto, na kwenye kituo cha polisi pale chini askari alikuwa anamweleza dereva wa lori aliyekuwa mbele yetu, kwa subira, kama mtu aliyekwisha kueleza sana: injini isizime ukiwa unateremka, usitoe gia hata kidogo, upepo wa breki unatengenezwa na injini, ikifa, unakanyaga mara chache, upepo unakwisha, na usukani unakuwa mzito kama umefungwa. Nilishusha kioo nikamsikiliza mpaka mwisho.

Niliporudi nilikwenda kwa Mama moja kwa moja. Alikuwa jikoni, anakuna nazi. Nikamuuliza, siku ile mlimani, Baba alipoachia breki, kwa nini ulinifunika?

Hakuinua kichwa. "Kulikuwa na baridi, mwanangu."

Sikumbishia. Nilimsaidia kuchuja tui, tukazungumza habari nyingine. Lakini mgongo wangu una kumbukumbu yake. Upepo wa siku ile ulikuwa ukinipiga kwa nyuma, na mama yangu alikuwa amenifunika macho.