Kiti cha Jovnna

Ukitaka kumjua binamu yangu Ánte, usimuulize kitu. Mpelekee kuni, au mwombe akusukie kamba, kisha kaa. Kahawa ikishachemka mara ya pili atakuambia jambo moja, nalo litakuwa la kweli. Ndivyo alivyo tangu tukiwa watoto, na huku kwetu Finnmark, nchi ya Wasami kaskazini kabisa mwa Norwe, hakuna aliyewahi kuiita tabia hiyo ugonjwa.

Aliishi na kaka yake Jovnna katika nyumba ya mbao, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Hawakuoa. Jovnna ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba ile: aligombana na wanunuzi wa nyama, aliwatania wajane, mimi Risten nikiwemo, na Ánte alisimama nyuma yake akitabasamu. Kulungu wao, wale wa kaskazini tunaowafuga kama ng'ombe, walilisha pamoja kwenye theluji, ila wa Jovnna walikuwa na alama ya Jovnna masikioni, na wa Ánte alama ya Ánte.

Mwisho wa majira ya baridi barafu ya ziwa ilivunjika chini ya pikipiki ya theluji ya Jovnna. Ánte alikuwa nyuma yake akaona shimo, na kofia ikielea. Tulimzika. Tangu siku ile Ánte hakulitamka tena jina la kaka yake. Alikitoa kiti cha Jovnna mezani, akakiweka kando ya mlango, na kila jioni alikaa akikitazama. Nilikuwa nampelekea supu, naiweka mezani, narudi kwangu. Nyumba mbili, kila moja na taa yake na mtu wake mmoja. Sitaki kujifanya mgumu: upweke ulinila na mimi.

Kiangazi kilipofika tukakusanya ndama zizini kuwatia alama. Ndama huchukua alama ya mwenye mama yake. Ukimkata alama yako ndama wa mwenzio, wewe ni mwizi. Lakini marehemu hana alama ya kukata. Mrithi hukata yake, na mrithi wa Jovnna alikuwa Ánte. Ánte aliwashika ndama wa Jovnna mmoja mmoja, akawatazama, akawaachia wakaenda na masikio mazima. Ndama wa namna hiyo akishaachana na mama yake hana mwenyewe, na huuzwa kwa faida ya wafugaji wote. Ndivyo walivyopotea.

Heaika, kiongozi wa wafugaji wetu, si mtu wa kubembeleza. "Asiyekuwepo na lake halipo, ndugu yangu," alimwambia mbele za watu. "Mwakani ukiwaachia tena, kundi lako halitatosha kukulisha. Utauza, utahamia mjini, ukae dirishani uhesabu magari."

Ánte alikunja kamba yake, akaenda zake. Alipoacha kula, mimi ndiye niliyempeleka hospitali kusini. Daktari alikuwa mtu mpole, akauliza kwa upole kama kuna wakati anamwona kaka yake. Ánte, ambaye hajui kudanganya, akasema ndiyo, jioni huja akakaa mlangoni. Daktari akamwandikia vidonge. Bibi yetu alimkaribisha babu kwa kahawa mwaka mzima baada ya mazishi na hakuna aliyemwita daktari!

"Aliuliza, nikajibu," Ánte alisema garini tukirudi. Hilo ndilo neno pekee nililolisikia njia nzima. Vidonge vilimlaza tu.

Ndipo akaja Inga. Nyanya yake alikuwa wa hapa, lakini yeye alizaliwa na kusomea Oslo, akaja kufanya kazi katika kliniki iliyofunguliwa ili Wasami tutibiwe kwa mila zetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikasema moyoni. Alivaa vazi letu jipya kabisa, mkanda wa fedha unang'aa, utadhani anakwenda harusini. Akaingia kwa Ánte nikiwepo, akasalimia, akakaa kwenye kiti cha mlangoni.

Nilifumba macho.

"Mjomba," alianza, "sisi Wasami tuna dawa yetu. Mwimbe kaka yako."

Kwetu kila mtu ana wimbo wake. Hauelezi habari zake. Ni yeye mwenyewe. Ukimwimba mtu, anakuwepo. Ánte akainuka, akatoka nje, na tukasikia shoka. Alipasua kuni mpaka binti yule akaondoka.

Nilimfuata kwenye gari lake. "Binti, Usami umeusoma kwenye kitabu gani?"

"Nimekosea wapi, shangazi?"

"Kila mahali! Hicho kiti umekikalia bila kuuliza. Na ile ni nyumba ya watu wa sala. Mama yao aliwachapa kwa kuimba nyimbo hizo, alisema ni za shetani. Wewe unaingia tu, 'mwimbe!' Bora hata yule wa vidonge."

Macho yalimjaa machozi. "Chuoni walinifundisha kuwa…"

"Chuoni hawamjui Ánte."

Nilidhani nimemkomesha. Juma lililofuata nikamwona anashuka garini na suruali kuukuu, amebeba kuni. Aliingia, akakaa juu ya sanduku la kuni, hakuuliza kitu. Aliosha vikombe. Akaondoka. Akarudi tena, na tena, hadi theluji ikaanza kuyeyuka. Alinisimulia kwamba wakubwa wake walimuuliza matibabu yako wapi. Akawajibu bado yanachemka. Hapo nikaanza kumpenda.

Siku moja Ánte alimwonyesha namna ya kusuka kamba. Kiangazi kilipofika akamwambia, "Kesho kutwa tunatia alama. Njoo na viatu vya maana."

Basi tukawa zizini, vumbi na manyoya, ndama wanalia, mama zao wanazunguka. Ukishika ndama, unaangalia anamfuata mama yupi, kisha unataja mwenyewe kwa sauti ili wote wasikie. Ndiyo sheria. Ánte alirusha kitanzi, akavuta, akapiga magoti kando ya ndama. Mama aliyesimama akiguna mbele yake alikuwa na sikio la Jovnna.

"Wa nani huyo?" Heaika akapaza sauti.

Ánte alishika kisu, macho kwenye sikio lile.

"Ánte! Wa nani? Mtaje au mwachie, watu wanangoja!"

Nilitaka kumkemea Heaika, lakini Inga alinishika mkono. Alichuchumaa karibu na Ánte, akamshikia ndama miguu ya nyuma. Ndipo Ánte akasema, taratibu, kama anayemwambia ndama.

"Wewe ulitaka nimwimbe. Risten akakuambia nakataa kwa sababu ya dhambi. Si dhambi." Akamtazama yule mama wa ndama. "Wimbo una mwisho. Nikimwimba atakuja. Nikinyamaza je?"

Inga aliendelea kumshika ndama. Nami nilikuwa nimemkaripia binti wa watu kwa jambo nisilolijua.

Ánte akainamisha kichwa, akaanza. Chini chini, kwa sauti ya mtu asiyeimba tangu utotoni. Wimbo wa Jovnna una kicheko katikati, unapanda ghafla kisha unateleza, na alipofika hapo nilimwona Jovnna, naapa, na kofia yake upande. Pale zizini sote tukapata kazi ghafla: huyu anafunga kamba, yule anakagua kisu. Heaika, mtu wa sala kuliko wote, aligeuka akachunguza nguzo ya ua iliyokuwa nzima kabisa. Hakuna aliyemtazama Ánte. Hiyo ndiyo adabu yetu.

Kisha wimbo ukaisha, na ndama walisikika tena.

"Alikuwa wa Jovnna," Ánte akasema kwa nguvu. "Sasa wa Ánte."

Akakata, sikio la kulia, sikio la kushoto, alama yake mwenyewe. Alipomwachia, ndama alikimbia akipepesuka. Mama yake mwenye sikio la Jovnna akamnusa kichwa, damu na yote, akamnyonyesha.

Jioni nilimpelekea supu kama kawaida. Nilipofungua mlango, karibu nijikwae kwa mazoea ya kukwepa: pale kando hapakuwa na kitu. Kiti kilikuwa kimerudi mezani, na kikombe mbele yake.

"Keti, Risten," akasema.

Nilikaa kwenye kiti cha Jovnna. Tulikula, halafu akamimina kahawa. Kila mara upepo uliposukuma mlango, Ánte aliinua macho. Hakuna aliyeingia.