Joto Ambalo Jecinta Hakulitaja

Jecinta Akidor alimdharau Hamse, mtaalamu mpya wa mashine, tangu siku alipobandika jedwali lake la dawa ukutani. Kwa miaka tisa, katika kituo kidogo cha picha mjini Isiolo, muuguzi huyu ndiye aliyewatafutia wagonjwa mishipa na kuwadunga ile dawa inayong'arisha viungo vya ndani ili mashine ya CT ivione. Leo mtaalamu wa kozi ya miezi mitatu anamfundisha kazi!

Tuseme ukweli, jedwali lilikuwa zuri. Mgonjwa apimwe uzito, dawa ilingane na kilo zake, kasi ifuate unene wa mshipa, na picha zianze kwa sekunde zilizohesabiwa, si kwa kubahatisha. Dawa ikapungua, picha zikang'aa. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Kisha Hamse akavuka mpaka. "Sista, hizo hadithi zako kwa wagonjwa zinakula dakika nne. Wacha."

Hadithi! Jecinta alikuwa akimwambia kila mgonjwa: dawa ikiingia utasikia joto, litashuka hadi kiunoni, utaapa umejikojolea, hujajikojolea, tulia tu. Akasonya. Sawa, bwana mkubwa. Ngoja ujionee.

Jumanne akaja Mzee Dabasso Waqo, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Merti, mwenye uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji aliisubiri picha ili aamue kama ataukata. Figo za mzee zilikuwa dhaifu, kwa hiyo dawa isingeweza kurudiwa siku hiyo. Alikuwa amevaa kanzu safi, ameshatawadha kwa sala ya adhuhuri. Jecinta akamwekea kanula, ule mrija mwembamba wa mshipani, vizuri mno, akafunga mdomo, akaenda kusimama nyuma ya kioo, mikono kifuani.

Hamse akabonyeza. Mzee akashtuka, akajishika mapaja, akaketi wima huku meza aliyolazwa ikisonga ndani ya mashine. Picha zikatoka ukungu mtupu. Hamse akaduwaa na jedwali lake, na Jecinta, Mungu amsamehe, akaona raha.

Raha hiyo ilidumu mpaka langoni, Jecinta alipomfuata mgonjwa wake. Mzee alikuwa anapanda pikapu ya kurudi Merti, kilemba amekishusha usoni.

"Mzee, rudi. Hujajikojolea. Ni dawa hufanya hivyo, kila mtu husikia. Daktari atapanga siku ingine."

Mzee akaipapasa kanzu. Ilikuwa kavu.

"Wewe ulijua hii joto inakuja?"

"Nilijua, Mzee."

"Watu wengine huwa unaambia?"

"Huwa naambia."

"Mimi ulininyamazia kwa nini?"

Jecinta akamtaja Hamse, jedwali, zile dakika nne. Alijisikia akizungumza na akajiona mdogo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia dereva.

"Twende. Hawa watu wanapigana, na fimbo ni mimi."

Pikapu ikaondoka na uvimbe ambao hakuna aliyeuona.