Mgeni Niliyemwalika kwa Wivu

Wenzangu, heri nijiseme mwenyewe kabla sijasemwa.

Mjukuu wangu Neema ana bibi wawili hapa Stockholm: mimi, na mzaa baba yake, mama mmoja wa Chile. Yule akimwita kwa Kihispania, mtoto anaruka. Mimi nikimwita kwa Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku yake ya kuzaliwa nikamwalika jirani yangu wa mtaani kwetu Hässelby, mwanamume mweusi ninayepanda naye lifti. Kila nikimsemesha Kiswahili hutabasamu na kutikisa kichwa. Nikajua ni Mkongo mwenye haya, atanijazia upande wangu.

Mezani nikajitapa: “Neema, mwambie bibi yako, Kihispania chake Afrika hakimpatii hata maji ya kunywa. Amuulize mgeni wangu!”

Neema akatafsiri. Mgeni akainuka, akambusu yule mama mashavu yote mawili, Kihispania kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

“Anasemaje?” nikauliza.

Neema akanijibu kwa Kiswahili, mara ya kwanza mwaka huu: “Bibi, kwao ni Guinea ya Ikweta, wanasoma shule kwa Kihispania. Anauliza, kwenye lifti huwa unamwambia nini?”