Neno Moja Kaburini kwa Mama

Kaka yangu alianza siasa kwenye bunge la jimbo. Mabunge hayo yalipovunjwa, akaenda Nairobi kwenye bunge la taifa, akakaa upande wa upinzani. Wenzake walihamia viti vya serikali mmoja mmoja. Yeye alibaki, kwa ubishi tu, nasema mimi dada yake niliyemjua tangu akikataa uji.

Adhabu yake ilikuwa kibali. Bila kibali cha mkuu wa wilaya hapakuwa na mkutano wa hadhara, na kila alipoomba aliambiwa uwanja wa Kebirigo una shughuli nyingine. Ukienda kuangalia, shughuli yenyewe ni ng'ombe wanaokula nyasi. Basi akagundua kwamba mazishi hayahitaji kibali. Akawa anakwenda kuzika hata watu asiowajua, anatoa pole, kisha anageukia barabara mbovu na bei ya majani chai. Watu walicheka kwamba mbunge wetu anafuata maiti. Mama hakucheka.

"Siku yangu usiniletee serikali," alimwambia huku akimenya ndizi. "Waeleze tu nilivyougua."

Kwetu hilo si jambo dogo. Mwana wa kwanza ndiye husimama kando ya kaburi akaeleza mzazi alivyougua hadi akakata roho. Asipoeleza, watu huondoka wakinong'ona nani kamroga.

Mama alipofariki, amri ilikuwa imeshatoka kwamba kaka asizungumze kwenye mazishi yoyote. Chifu alifika asubuhi na askari wawili wa kutoka mbali, na sukari kwa ajili ya wafiwa. Alikuwa jirani yetu, tukisali naye kanisa moja kila Sabato. Alimvuta kaka kando, na kwa sababu ya wale askari wasiojua lugha yetu akasema kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa, wewe zika mama. Lakini maneno, wacha."

"Nataka kusema ugonjwa wake tu."

"Najua. Lakini wewe ukianza na ugonjwa unamaliza na barabara. Mimi watanifuta kazi."

Nilitamani kumrarua shati. Lakini nilimwona akiwatupia askari jicho kabla ya kila neno, nikajua hata yeye hana la kufanya.

Jeneza liliposhushwa, kaka aliinama akachota udongo, maana mkono wake ndio wa kwanza kuutupa. Watu wakamngoja aseme. Chifu akasimama, akaeleza yeye. Alisema mama aliugua malaria. Haikuwa malaria. Tumbo lilimvimba mwaka mzima, na aliyemuuguza ni mimi. Alisema mama alikuwa raia mtiifu, aliyeipenda sana serikali. Alitaja watoto wake wote, akamsahau dada yetu aliyekufa mdogo, ambaye mama hakuacha kumtaja katika sala zake. Na kaka, aliyezoea kuongea mpaka spika amkalishe, alisimama pale akisikiliza mama yake akikosewa, udongo ukimvuja vidoleni. Niliumia kuliko siku mama alipokata roho.

Kisha mchungaji akaomba. Alipomaliza, kaka akasema, "Amina," kwa sauti yake ile ya majukwaani, ikafika hadi kwenye migomba.

Askari mmoja alimgeukia chifu, akamwuliza kwa macho kama hiyo nayo ni hotuba. Chifu alitikisa kichwa kukataa. Kaka akaachia udongo uliobaki, na vijana wakaanza kufukia.