Kwenda Dodoma kwa Ajili ya Mzabibu wa Baba

Nilikwenda Dodoma kwa sababu ya ugomvi, na ugomvi wenyewe niliuanza mimi.

Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, uani, pana mzabibu. Babu yangu ndiye aliyekuja na kijiti chake kutoka Hadhramaut, Yemeni, kimeviringwa kwa kitambaa kibichi, ndivyo tulivyosimuliwa. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukizaa. Si sana, vishada viwili vitatu, zabibu nyeusi ndogo ndogo, na Baba alikuwa akizigawa kwa majirani kwenye kisahani, kila nyumba punje nne tano. Kisha ukaacha. Majani yakaanza kuungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, halafu yakawa yanapukutika kabla hayajakua. Miaka sita sasa hatujaona hata ua.

Kaka yangu Swaleh alitaka kuukata. Hakuwa na nia mbaya, namjua. Aliitaka ile pembe aweke tangi la maji, maana ndiyo pembe pekee inayofikiwa na mpira wa lori la maji kutoka barabarani. Ijumaa moja baada ya swala akaja na msumeno. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya mti. Akawa anaushikashika ule mti kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Nilipouona mkono ule nikapandwa na hasira. Nilimwambia Swaleh maneno ambayo siyaandiki hapa, na mwisho nikamwambia mti ni mgonjwa tu, na dawa yake naijua inakopatikana. Anipe siku kumi. Nikirudi mikono mitupu, nitaukata mimi mwenyewe. Akakubali, akautundika msumeno ukutani mahali ambapo sote tungeuona.

Dawa yenyewe sikuijua. Nilichojua ni habari za kwenye katoni. Mimi ni karani kwenye ghala moja Shimanzi, karibu na bandari, na katoni za mvinyo hupita mbele yangu zikitoka Hispania, Chile, Ufaransa na kule Rasi, Afrika Kusini. Mimi sinywi, na ningekunywa Baba angenizika mzima, lakini kusoma hakujaharamishwa. Shule niliiacha mapema, basi jiografia yangu nimeipata kwenye zile katoni. Nilisoma majina, kisha wakati wa chakula nikawa nayatafuta kwenye simu. Nikajua Riesling inapenda baridi ya Ujerumani, kwenye miteremko juu ya mito. Nikajua Syrah inavumilia joto, na kwamba Chenin Blanc kwao ni bonde la mto Loire, Ufaransa, ila siku hizi imejaa Rasi kuliko kwao. Na nchi zote hizo zina jambo moja: kuna majira ya baridi yanayoulaza mzabibu. Majani yanaanguka, mti unalala, unaamka na nguvu mpya. Mombasa hakuna wa kuulaza. Joto na unyevu mwaka mzima.

Halafu nikakutana na Dodoma. Hakuna theluji, na bado wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Katika kikundi cha wakulima kwenye simu nikampata mama mmoja anaitwa Mwaja. Nilimwuliza maswali kama thelathini. Akanijibu yote kwa maneno mawili: njoo uone.

Makadara, asubuhi ya kuondoka, nilipita kwa muuza mahamri ninywe chai. Wenzangu wakaanza. Mmoja akanyanyua kikombe akasema, "Mtazameni sheikh Twalib, anakwenda kulizuru pipa la mvinyo." Wakacheka wote. Nikaiacha chai na nusu ya hamri, maana ningebaki pale dakika moja zaidi tungepigana, na basi lilikuwa linangoja Mwembe Tayari.

Mpakani tulifika kabla ya adhuhuri. Ndani ya begi langu nilikuwa na kitawi cha mzabibu wetu, nimekikunja kwenye gazeti lililolowa ili Mwaja akione kwa macho yake. Upande wa Tanzania afisa wa mimea, dada mmoja mwenye miwani, akakitoa akauliza kibali. Nikaropoka. Nikamwambia hiki si kitu cha biashara, ni mgonjwa namleta hospitali, na yeye hana huruma. Aliningoja nimalize.

"Kijana," akasema, "kama mti wako ni mgonjwa hivyo, mimi niuingize kwenye nchi yangu kwa nini?"

Akakitia kwenye pipa la vitu vya kuchomwa. Dereva alikuwa anapiga honi, abiria wananitazama kama mwizi. Nikapanda, nikakaa na lile gazeti bovu mapajani hadi Tanga. Sasa nilibaki na picha za simu tu.

Morogoro nililala, baada ya kubadilisha basi Chalinze. Kulipokucha tukaendelea. Milima ikabaki nyuma, na kuanzia Gairo nchi ikaanza kukauka mbele ya macho yangu. Nyasi za kijivu, mito ya mchanga mtupu. Ilikuwa Septemba. Mimi nimezaliwa kisiwani, nimezoea hewa yenye maji maji. Huko midomo ilinipasuka kabla ya mchana, na shati lililokuwa na jasho likanikaukia mwilini.

Dodoma, saa saba, Mwaja alinipokea stendi. Ni mama wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vya mpira na koti la mwanamume. Alinitazama kuanzia kofia hadi viatu akaniita mdogo wangu, akaniuliza kama kwetu tunakula panzi. Nikasema hapana. Akasema hapo kwao hawali pia, alitaka tu kuona kama nacheka. Tukapanda pikipiki mbili hadi shambani kwake, nje ya mji, upande wa Hombolo.

Katika kichwa changu nilikuwa na picha za kwenye katoni, vilima vya kijani na vishada vinaning'inia. Nilichokikuta ni vijiti. Mistari na mistari ya vijiti vyeusi vimefungwa kwenye nyaya, hakuna jani, na upepo unapeperusha vumbi jekundu katikati. Nikahisi nimeingia msibani. Nikamwuliza imekufa lini.

"Haijafa. Nimeinyima maji. Imelala."

Akanieleza tukitembea. Kwao baridi haitoshi kuulaza mzabibu, basi wanaulaza kwa kiu. Wakishavuna wanauacha mkavu wiki kadhaa, kisha wanapogoa, wanabakisha macho mawili, yaani vichipukizi, kila tawi, ndipo wanaupa maji. Mti unadhani masika yamefika. Alinionyesha mstari wa Makutupora, zabibu nyekundu ya hapo hapo Dodoma, akaniambia ndiyo ngumu kuliko zote, inastahimili jua na inastahimili kusahauliwa. Kando yake Chenin Blanc, ile ile ya Loire niliyoisoma Shimanzi, na mbele kidogo Syrah. Nilizigusa kama mtu anayewagusa watu aliosikia sifa zao redioni.

Mstari wa mwisho ulikuwa na zabibu bado. Zilikuwa zimesinyaa, zimeota ukungu, nyigu wanazizunguka. Mnunuzi wa msimu ule aliahidi, hakutokea, na Mwaja hakuwa na moyo wa kuzitoa. Nikamwomba namba ya simu ya huyo mtu.

"Umpigie umwambie nini?" akaniuliza. "Kwamba kuna kijana wa Mombasa amekasirika?"

Akanichumia punje moja iliyosalimika. Ngozi nene, tamu mbele, chachu nyuma. Nikakumbuka kisahani cha Baba, nikageuka pembeni kidogo.

Asubuhi ya pili tulipogoa pamoja hadi jua likawa kali. Tulipopumzika nikamtolea picha. Alizitazama muda mrefu, akaikuza moja ya majani, kisha moja ya shina pale linapoingia ardhini, ambapo kuna utando mweupe. Mimi siku zote nilidhani ni chokaa ya ukutani.

"Mnaumwagia maji gani?"

Nikajibu kwa fahari, maana hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika nyumba yetu. Nikamwambia Baba hutawadhia pale pale. Kigoda chake kimewekwa makusudi juu ya mizizi, anakaa na kopo lake, na kila tone la udhu linaufikia mti. Hivyo ndivyo babu alivyokuwa akifanya na ndivyo Baba anavyofanya. Mara tano kwa siku, hajakosa, hata akiwa mgonjwa anashikwa mkono akapelekwa.

"Maji ya bomba?"

"Zamani. Bomba siku hizi linaruka wiki nzima bila tone. Ya kisima."

"Kisima kina ladha gani?"

Kisima chetu hakuna anayepikia chai. Sabuni haitoi povu. Maji ya kunywa tunanunua kwa mitungi, yanakuja kwa mkokoteni, na tunayaita maji matamu. Watoto wote wa mtaani kwetu wanajua tofauti kabla hawajajua kuhesabu. Na mti uliacha kuzaa lini? Miaka sita. Bomba lilianza kuruka lini?

Badala ya kushukuru nilimfokea. Nikamwambia asimtaje baba yangu, na kwamba maji yale yanatiwa kwa jina la Mungu. Mwaja alikuwa anafuta mkasi wake kwa kitambaa.

"Sijasema udhu ni mbaya," akasema. "Nasema maji yana chumvi."

Jioni nikamtaka radhi, na nikamwomba kijiti cha Makutupora nikifiche ndani ya soksi. Akakataa. Akasema kwanza nitakamatwa tena, na pili nitakwenda kukinywesha chumvi ile ile. Dawa alinipa kwa maneno: maji matamu mengi kwa siku moja ili yasukume chumvi chini, halafu kiu, halafu mkasi. Kama chini ya gome bado kuna kijani, pengine. Hakuniahidi. Aliponisindikiza stendi akaongeza kwamba mwenye kopo nizungumze naye taratibu.

Njia nzima ya kurudi nilitafuta maneno. Chalinze nilikuwa nayo mabaya, Tanga yakawa afadhali, na tulipoingia kwenye kivuko cha Likoni nilikuwa nayo kamili: Baba, wamesema mti unataka kupumzika, basi kwa muda utawadhie upande ule wa mlangoni. Hivyo tu. Chumvi nisingeitaja.

Nyumbani niliingia alasiri, adhana imemalizika hivi punde. Swaleh alikuwa mlangoni mwa ua.

"Haya, tabibu wa mizabibu. Dawa iko wapi?"

Nikasema mti unataka kupumzika. Akacheka. Akaniuliza miaka sita yote umekuwa ukifanya kazi gani hata uchoke. Akasema nimekula nauli bure, nimempa mzee matumaini ya uongo, na akanyoosha mkono kuutoa msumeno ukutani. Nikaona mkono unakwenda, na maneno yote ya kutoka Chalinze yakaniruka.

"Mti hauna makosa. Unauliwa na yale maji ya chumvi mnayomwacha Baba aumwagie mara tano kwa siku."

Swaleh akaushusha mkono. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Baba alikuwa kwenye kigoda. Alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu, kopo limejaa, mguu mmoja mbele. Akalinyanyua kopo kidogo.

"Ni haya?"

Nikaitazama miguu yake.

"Nijibu, Twalib."

"Ni hayo, Baba."

Akalitazama lile kopo. Kisha akainuka, akatembea hadi kwenye mfereji wa maji taka upande wa pili wa ua, akayamwaga polepole mpaka tone la mwisho, akalifudikiza kopo juu ya ukuta. Akaishusha mikono ya kanzu, akaipiga pasi kwa viganja. "Nitatawadha msikitini," akasema, akatoka.

Siku ya pili yake Swaleh alileta mitungi ya maji matamu bila kuambiwa. Yeye alimwaga, mimi nikangoja wiki kadhaa kisha nikakata, macho mawili kila tawi kama nilivyofunzwa. Nilipokwangua shina chini kulikuwa na kijani, kipande kidogo kama ukucha. Ni miezi mitatu. Halijatoka jani. Msumeno umeondolewa ukutani, na habari ya tangi haitajwi.

Nilimwuliza Baba kama naweza kuyaandika haya. Akasema niandike, Mji wa Kale una visima vingi na watu wana miti yao. Kwa hiyo nawaambia: onjeni maji yenu kwanza. Nchi za zabibu nazijua, na mkasi nimejifunza kuushika. Maneno niliyoyabeba kutoka Dodoma hadi Likoni nimeyabeba bado, na hakuna pa kuyatia.

Kigoda kipo pale pale juu ya mizizi. Hakuna aliyekiondoa. Mbao zake, ambazo sijapata kuziona bila maji tangu nizaliwe, zimekauka na zimeanza kupasuka.